Mkojo ulinitoka kwenye mzunguko wa pili

Wiki ya saba baada ya kujifungua nilivaa viatu vyangu vya mbio nikarudi uwanjani. Daktari alikuwa amenipima wiki moja kabla, akaona nimepona vizuri. Nikasikia nilichotaka kusikia. Kwenye mzunguko wa pili mkojo ulinitoka. Halikuwa tone, ulishuka mapajani. Nilimaliza mazoezi, nikafunga sweta kiunoni, na sikumwambia kocha wala mume wangu. Kwa miezi miwili nilikimbia na siri hiyo.

Mama mwenzangu unayetaka kurudi mashindanoni, utaambiwa kwamba aliyezaa lazima avuje. Usikubali. Ni kweli huwapata wengi, lakini hutibika, na kuendelea kukimbia hivyohivyo kunaweza kulizidisha tatizo. Misuli ya sakafu ya nyonga ndiyo inayoshikilia kibofu, mji wa mimba na utumbo wa mwisho. Imebeba mimba miezi tisa, kisha mtoto akapita hapo. Unapokimbia, kila mguu unapotua chini mwili hupokea nguvu inayozidi uzito wako mara mbili au zaidi. Na wewe uliyejifungua kwa upasuaji hukusalimika: misuli yako ilibeba mimba ileile, na tumbo lina mshono unaopita matabaka kadhaa.

Kile kipimo cha wiki ya sita huangalia kama umepona. Hakikupimi kama unaweza kuruka. Mwaka 2019 wataalamu watatu wa fiziotherapia wa Uingereza walitoa mwongozo wa kurudi kwenye mbio baada ya uzazi, wakashauri mama asianze kabla ya wiki 12, na hata hapo ajipime kwanza: atembee dakika 30, asimame kwa mguu mmoja sekunde 10, akimbie papo hapo dakika 1, aruke kwa mguu mmoja mara 10 kila upande. Ukiona mkojo, maumivu, au uzito ukeni kama kitu kinashuka, bado. Nenda kwa mtaalamu wa misuli ya nyonga. Laiti ningekwenda mapema.

Mimi alinisimamisha kukimbia kabisa, nikalia. Kisha akanifundisha kukaza: kama unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, bila kubana pumzi wala makalio, halafu unaachia kabisa. Kuachia nako ni kazi, nilikuwa nikisahau. Angalau mikazo 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3. Nilifanya hivyo kila nilipokaa kunyonyesha, kwa hiyo sikuhitaji kengele ya kunikumbusha.

Kuhusu kula nasema kwa uzito wote: usijinyime ili urudie kilo za zamani. Kunyonyesha pekee huhitaji takriban kalori 500 za ziada kwa siku, kabla hujahesabu mazoezi. Mwanariadha asiyekula vya kutosha kwa kawaida hugundua hedhi imekatika. Anayenyonyesha huenda hedhi haijarudi, kwa hiyo ishara hiyo hana, na mifupa inaweza kudhoofika kimyakimya mpaka ipate ufa. Nyonyesha kabla ya mazoezi, matiti yawe mepesi. Na maneno kwamba jasho huharibu maziwa yasikutishe. Mazoezi ya kiasi hayayadhuru.

Usiku mtoto akinikesha, mbio za kasi za asubuhi nilizibadilisha kuwa matembezi. Hilo kocha alilielewa haraka kuliko nilivyodhani.

Ukihofia kwamba muda unakupita, tazama mabingwa. Mkimbiaji wa Kenya Vivian Cheruiyot alijifungua Oktoba 2013. Dhahabu ya mita 10,000 aliipata kwenye mashindano ya dunia ya Beijing Agosti 2015, na mwaka uliofuata akashinda mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Rio. Mkenya mwenzake Faith Kipyegon alijifungua Juni 2018, akapata fedha ya mita 1,500 kwenye mashindano ya dunia ya Doha 2019, kisha dhahabu ya mbio hizohizo kwenye Olimpiki ya Tokyo 2021.

Mwanangu alikuwa na miezi 14 niliposimama tena kwenye mstari wa kuanzia. Kabla ya hapo nilikuwa nimemweleza kocha yote. Nilimwambia hivi: "Kocha, nikikimbia mkojo unanitoka, nahitaji miezi mitatu." Akauliza tu tangu lini, akachukua kalamu akaandika upya ratiba yangu.