Chupa ya soda ina mdomo mdogo hivi, tumbo linatobolewaje?

Swali: Habari fundi. Mwanangu wa darasa la 2 kaniuliza chupa ya soda inatengenezwaje, nikamjibu inachongwa na mashine, akasema sasa kisu kinapitaje kwenye kamdomo kadogo hivi? Nikaishiwa. Nimwelezeje?

Jibu: Dada yangu, nimefanya kazi miaka mingi kwenye mashine za chupa na hilo swali la mwanao limenifurahisha sana, maana kagusa penyewe. Chupa ya soda ya glasi haichongwi, inapulizwa.

Usianze na habari za kiwanda, anza na chupa yenyewe. Mpe iliyo tupu apitishe ukucha ubavuni kwa kukatisha, atakwama kidogo kwenye kamstari kembamba kanakoshuka toka juu mpaka chini, aizungushe atakuta kengine upande wa pili. Hapo ndo moldi ilipofungia, moldi ni kama fremu ya kufyatulia tofali ila hii ni ya chuma na inafunguka pande mbili kama kitabu. Halafu mpe puto alipulizie ndani ya kikombe cha plastiki, aone lenyewe linavyojaa na kushika umbo la kikombe. Akishaona hivyo kazi yako imebaki ndogo.

Sasa mwambie: tunachukua mchanga mweupe, magadi soda, chokaa na vipande vya chupa zilizovunjika, vyote tanuruni. Mchanga peke yake unataka joto la kama nyuzi 1,700 ndo uyeyuke, magadi yanalishusha hilo joto, tanuru linafanya kazi kwenye kama 1,500 hivi. Na magadi anayajua huyo, ni jamii moja na yale mnayolainishia maharage, Kenya yanachimbwa kule Ziwa Magadi toka enzi za mkoloni.

Glasi ikishayeyuka inashuka ikiwa nyekundu, nzito kama asali, mkasi unakata tonge, tonge linadondoka kwenye moldi ya kwanza, na hapa msisitizie mtoto: mdomo ndo unatengenezwa KWANZA, tena chupa ikiwa kichwa chini. Inapulizwa kidogo, inageuzwa, inaingia moldi ya pili inapulizwa mpaka tumbo linajaa. Yote hayo ni sekunde chache tu. Kwahiyo hakuna kisu kilichopita mdomoni, ni hewa.

Usiruke na sehemu ya kupoza, watu wengi wanaisahau. Chupa ikitoka haiachwi ipoe hovyo, inapitishwa kwenye tanuru lingine refu, inaanzia kama nyuzi 550 inashuka taratibu, maana nje ikipoa haraka kuliko ndani inapasuka, ni kama glasi ya baridi ukiimiminia chai ya moto. Bila shaka hiyo kashaiona jikoni kwako.

Ila asijaribu kuyeyusha chupa kwenye jiko la mkaa, inaweza kulipuka vipande vikaingia machoni. Puto na kikombe vinamtosha.