Kamera Haifunguki Kwenye Simu

SWALI: Mhariri, nimeunda programu ya wavuti ya kusoma misimbopau ya bidhaa za duka letu hapa Kibuye, Kisumu. Kwenye kompyuta niliyoitumia kuiunda, kamera hufunguka, lakini kwenye simu, nikitumia anwani ya http://192.168.1.5, hata ombi la ruhusa halitokei. Kosa liko wapi?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu msomaji, huenda programu yako haina kosa lolote. Vivinjari vya leo, Chrome ikiwamo tangu toleo la 47, hukabidhi kamera kwa kurasa zinazopitia njia salama ya https pekee. Kompyuta yako ilifaulu kwa sababu anwani ya localhost, ambayo haitoki nje ya mashine yenyewe, huhesabiwa kuwa salama, ilhali anwani ya mtandao wa dukani haihesabiwi hivyo. Iweke programu kwenye seva yenye cheti cha usalama.

Ikiwa mtumiaji aliwahi kuizuia kamera, abadilishe ruhusa katika mipangilio ya tovuti hiyo, kisha ahakikishe kwamba simu nayo imekiruhusu kivinjari. Nakusihi pia uombe ruhusa mtu anapobonyeza kitufe cha kusoma, wala si ukurasa unapofunguka, kwani wengi hukataa wasipojua kamera yao inatakiwa kwa kazi gani.