Mbona kompaila inajaza steki wakati nimeiambia ipange amri vizuri?

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Nina lupu yangu ya hesabu nzito, naikompaili na kompaila ya GCC kwa -O2 (kiwango cha kuboresha kodi) kwenye prosesa ya x86-64, juzi nikaongeza swichi ya -fschedule-insns nikijua amri zikipangwa vizuri itakimbia zaidi, kumbe ndo imekuwa nzito na nikifungua asembli naona mov (amri za kuhamisha data) kibao za kupeleka vitu kwenye steki, yaani kwenye memori, na kuvirudisha. Nimekosea wapi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na swali lako nimelipenda kweli maana umegusa ugomvi wa siku nyingi. Ndani ya kompaila kuna mafundi wawili, mmoja anapanga amri, mwingine anagawa rejista (vihifadhi vichache vya haraka ndani ya prosesa), na kila mmoja akifanya kazi yake vizuri anamharibia mwenzake.

Mpangaji anajua kusoma memori kunachelewa, hata data ikiwa kashe ya L1 (memori ndogo iliyo karibu kabisa na prosesa) prosesa nyingi za sasa zinasubiri kama saikoli, yaani mapigo ya saa yake, 4 au 5, kwa hiyo anavuta usomaji wote juu ili uanze mapema. Sawa kabisa, ila kila kilichosomwa lazima kikae kwenye rejista mpaka kitumike. Chukua a[0]*b[0] mpaka a[7]*b[7] unajumlisha: ukisoma pea moja, ukazidisha, ukajumlisha ndo uende nyingine, rejista chache tu zinatosha, lakini ukizisoma zote kwanza una thamani 16 ziko hai kwa pamoja, na x86-64 ina rejista za jumla 16 tu, moja ishachukuliwa na steki, bado anwani za a na b, bado jumla yenyewe. Zinazokosa nafasi zinamwagwa kwenye steki, ndo hizo mov zako.

Basi tugawe rejista kwanza? Hapo nako mgawaji anarudia rejista ileile mara nyingi, amri zisizohusiana zinaanza kugombea jina moja na mpangaji hana pa kuzisogeza. Na kuzifanya kazi zote mbili kwa mkupuo ni ngumu mno, kugawa peke yake tu mtafiti Chaitin na wenzake wa IBM walionyesha mwaka 1981 kuwa ni kama kupaka rangi grafu (nukta zilizounganishwa kwa mistari) bila nukta jirani kufanana rangi, yaani hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kupata jibu bora kila mara, kompaila zinakisia kwa akili.

Ndo maana GCC kwenye x86 hata ukiweka -O2 haipangi kabla ya kugawa, inapanga baada, na prosesa yenyewe inabadili majina ya rejista ndani kwa ndani na kupanga upya amri wakati inakimbia, hivyo hupotezi sana. Toa hiyo swichi. Ukitaka kuendelea nayo iongezee -fsched-pressure, inamfanya mpangaji aangalie rejista zilizobaki kabla hajavuta kitu juu. Kwenye prosesa za ARM za biti 64 zenye rejista za jumla 31 jaribu tena, matokeo yanaweza kuwa tofauti kabisa. Ila pima muda, usihesabu mov, maana iliyo nje ya lupu haikuumizi, iliyo ndani ndo inakula muda wako.