Kwa nini kila kigae kina ngome

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: katika michezo ya mezani ya kupanga vigae, ni mada gani imetumika hadi kuchosha, na nini kichukue nafasi yake? Wengi watataja ngome na wafalme wa Ulaya ya kale, na hawatakosea. Mimi naanzia kwenye ukingo wa kigae, kwa sababu huko ndiko ngome zilikoingilia.

Chukua Carcassonne ya Klaus-Jürgen Wrede, iliyotoka mwaka 2000 na kushinda tuzo ya Ujerumani ya Spiel des Jahres mwaka 2001. Boksi la msingi lina vigae 72 vya ardhi, kimoja kikiwa cha kuanzia. Kila upande wa kigae ni mji, barabara au shamba, na kigae hakiwekwi mpaka pande zake zote zinazogusana na majirani zilingane nao. Sasa fanya hesabu. Kigae cha mraba chenye aina 2 tu za pande kinaweza kuchorwa kwa namna 6, ukichukulia kwamba kigae kilichozungushwa ni kilekile. Aina 3 zinatoa namna 24. Aina 4 zinatoa 70. Namna 6 ni chache, na mchezo unachusha kabla ya kufika nusu. Namna 70 ni nyingi mno: ramani inajaa matundu yasiyozibika, kwa kuwa kigae kinachofaa kimo kimoja tu mfukoni, au hakimo kabisa. Vigae vya pembesita ni vikali zaidi, maana aina 2 zinatoa namna 14 na aina 3 zinaruka hadi 130.

Basi mbunifu wa vigae vya mraba anajikuta kwenye aina tatu, apende asipende. Anahitaji vitu vitatu vinavyoweza kukatwa ukingoni na kuendelea kwenye kigae cha jirani, na vitambulike bila maandishi kwenye kipande cha sentimita 4.5 hivi, hata na mchezaji wa ng'ambo ya meza anayekiona kichwa chini. Ukuta wa mji, barabara na majani vinatimiza sharti hilo mara moja. Na kwa kuwa kigae hakina neno hata moja, mchapishaji anapeleka vigae vilevile nchi zote na kubadilisha kijitabu cha kanuni tu.

Kwa hiyo ngome ile ya kwanza ilikuwa na kazi ya kufanya. Lawama yangu ni kwa waliokuja baadaye wakachukua picha na kuiacha kazi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na ndivyo ilivyo kwa mada iliyoazimwa kutoka kwenye boksi lililouza vizuri.

Ili kutenganisha mada inayofanya kazi na ile iliyopakwa juu kama rangi, kuna jaribio la kubadilisha picha. Soma kanuni zote, kisha chagua kanuni tatu ambazo mchezaji mgeni huzisahau. Kwa kila moja jiulize: picha inamsaidia kuikumbuka? Ukiondoa ngome ukaweka matangi ya samaki, kanuni itaonekana ya ajabu, au hakuna atakayegundua?

Kingdomino ya Bruno Cathala (2016) inaanguka hapa, ingawa ni mchezo uliosukwa vizuri sana. Wakiwa wachezaji wanne, kila mmoja anapata vipande 12 kati ya 48. Kila kipande kina miraba miwili kama dhumna, hivyo ni miraba 24, na ukiongeza mraba wa kasri unapata 25, yaani 5 kwa 5 kamili. Usafi wa namna hiyo ni nadra. Lakini alama zinahesabiwa kwa kuzidisha miraba iliyoungana kwa idadi ya mataji yaliyomo: msitu wa miraba 6 wenye mataji 2 unaleta 12, na shamba la miraba 9 lisilo na taji linaleta sifuri. Mgeni anauliza kwa nini shamba kubwa lote lile halina thamani, na ufalme hauna la kumjibu. Weka matangi ya samaki, mchezo utabaki uleule. Isle of Skye (2015) nayo ina ujanja wote kwenye soko: unavuta vigae 3, unaficha nyuma ya kiwambo, viwili unavipangia bei kwa sarafu zako mwenyewe na cha tatu unakikataa, kisha wenzako wanaamua kama wanunue. Kigae kisiponunuliwa, bei uliyoweka unailipa wewe. Mvutano ni mtamu kwelikweli, ila hao wakuu wa koo za Uskoti wangeweza kuwa wauza mazulia.

Nisieleweke kwamba ngome haiwezi kufaulu. Alhambra ya Dirk Henn, mshindi wa Spiel des Jahres mwaka 2003, ina ukuta uliochorwa kwenye kingo za baadhi ya vigae. Kila jengo lazima lifikike kwa miguu kutoka kwenye chemchemi bila kuvuka ukuta, na ukuta mrefu wa nje unaleta pointi. Ukijizungushia ukuta mapema unavuna pointi hizo, kisha unakosa mahali pa kuongeza vigae. Wachezaji wengi wanaocheza mara ya kwanza hunasa hapo hapo. Lakini hakuna anayelalamika kwamba kanuni haieleweki, maana ukuta unafanya kazi ya ukuta.

Galaxy Trucker ya Vlaada Chvátil (2007) ndiyo ningempa mtu yeyote anayedai kwamba kigae hakiwezi kubeba hadithi. Wachezaji wote wanachota vigae kwa wakati mmoja kutoka kwenye rundo lililofunikwa, kila mmoja akiunda chombo chake cha angani huku muda ukikimbia. Kigae kina viungio vya aina tatu: kimoja, viwili, na cha kupokea vyote. Kimoja hakishikani na viwili. Nyuma ya injini pasiwe na kitu, kwa sababu moto unatokea huko. Kisha mnaondoka, na hapo adhabu za uundaji mbovu zinaanza kudai. Kimondo kidogo kikigonga upande laini kinadunda, lakini kikigonga kiungio kilichoachwa wazi kinang'oa kipande hicho, isipokuwa una ngao na betri ya kuiwasha. Na kipande hicho kikiwa ndicho kilichoshikilia bawa zima, bawa zima linapotea. Kanuni zote hizi mgeni anazikumbuka kwa kusikia mara moja. Anga za juu ni mada iliyochakaa kama ngome, lakini humu haichoshi.

Tigris & Euphrates ya Reiner Knizia (1997) ni ya mtindo mwingine, kavu zaidi. Ina vigae 153: mahekalu mekundu 57, mashamba ya buluu 36, masoko ya kijani 30 na makazi meusi 30. Kiongozi, yaani kipande cha mchezaji kinachowekwa ubaoni, haruhusiwi kusimama mahali pasipo na hekalu kando yake, na wawili wa rangi moja wakikutana ndani ya ufalme mmoja, ugomvi wao unaamuliwa kwa mahekalu. Ukibomoa hekalu pekee lililo kando ya kiongozi, anaondoka. Mwishoni alama yako ni ile rangi uliyokusanya kidogo kuliko zote. Vigae vyenyewe ni miraba ya rangi tu, bila mapambo ya kusisimua, na bado uhusiano wa hekalu na mamlaka unakaa kichwani kuliko michoro mizuri ya michezo mingine kumi.

Azul ya Michael Kiesling (2017) iko katikati. Vigae 100 vya rangi 5, 20 kwa kila rangi, vinachukuliwa kutoka kwenye visahani vyenye vinne vinne, na vilivyozidi vinaanguka sakafuni na kukukata alama: 1, 1, 2, 2, 2, 3, 3. Kigae kilichoanguka ni hasara, hilo linaeleweka. Lakini mfalme Manuel wa Ureno na kasri lake la Évora wanaonekana kwenye ukurasa wa kwanza wa kanuni, halafu hawaonekani tena. Huyu mfalme anayejengewa kitu, akiwa na jina au asiwe nalo, ndiye ningempumzisha kabla ya wengine wote.

Sasa kuna wimbi jipya. Baada ya Wingspan ya Elizabeth Hargrave mwaka 2019, ambayo hata si ya vigae, mabosi wa ngome wakawapisha ndege, misitu na maua. Kwenye vigae kinara ni Cascadia ya Randy Flynn (2021), mshindi wa mwaka 2022: vigae 85 vya makazi, visahani 100 vya wanyama wa aina 5, na zamu 20 kwa kila mchezaji. Kwa upande wa wanyama inafaulu jaribio. Dubu wanatakiwa wawili wawili, samoni wanaenda kwa msururu, mwewe hataki jirani wa aina yake, mbweha anahesabu aina za wanyama wanaomzunguka. Upande wa ardhi ni mwepesi zaidi, kwa sababu kingo hazilazimiki kulingana. Usipolinganisha unakosa tu alama za eneo kubwa.

Hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mchezo unaoachia kigae kiwekwe popote umeshavunja pingu niliyoieleza mwanzo. Haulazimiki tena kuwa ramani, wala kuwa na vitu vitatu vinavyoendelea ukingoni. Kama hata hivyo unachora mlima, mto na msitu, basi umechagua kwa mazoea. Cascadia ina haki ya kufanya hivyo kwa sababu ya wanyama wake. Wafuasi wake wengi hawana, na naona mbweha akielekea kuwa ngome ya kizazi hiki.

Kuna mada moja ambayo kwangu haihusu uchovu. Ni ile ya nchi tupu: wachezaji wanafika, kila kigae kikifunuliwa ni ardhi mpya isiyo na mwenyewe, na kazi ni kuijaza mashamba. Vigae vinaibeba mada hiyo kirahisi mno, maana meza kweli ilikuwa tupu. Puerto Rico ya Andreas Seyfarth (2002) ilikuwa na visahani vya kahawia vilivyoitwa walowezi vikipangwa kufanya kazi mashambani, na kila mtu alijua vinawakilisha watumwa. Mwaka 2022 likatoka toleo lililohamishia hadithi mwaka 1897, utumwa ukiwa umeshakomeshwa. Uchumi wa mchezo ulistahimili mabadiliko hayo, jambo linaloonyesha kwamba mada ya kwanza haikuwa ya lazima.

Kuhusu cha kuweka badala yake, ningetafuta vitu ambavyo kwa asili vina miisho inayouma ikiachwa wazi. Mabomba ya maji ni mfano mzuri: mdomo wazi unavuja, na kuvuja kunaweza kukata alama kila raundi bila maelezo marefu. Nyaya za umeme, mishipa ya damu, mizizi, reli na mifumo yake ya ishara vyote vina sifa hiyo. Mada zisizo na ukingo, kama muziki au siasa, hulazimisha alama za kubuni zinazohitaji jedwali la maelezo, na jedwali likishawekwa mezani kila zamu inasimama.

Anayetaka kujaribu mabomba aanze na vigae 60. Bomba lililonyooka au kona linachukua mdomo mmoja na kutoa mmoja, kwa hiyo halibadilishi hesabu. Kigae cha njia tatu kinaongeza mdomo 1, cha njia nne kinaongeza 2, na kizibo kinapunguza 1. Midomo miwili ikikutana kwa bahati, inapungua 2 zaidi. Mgawanyo wa kuanzia unaofaa ni vigae 34 vilivyonyooka na kona, 14 vya njia tatu, 3 vya njia nne na vizibo 9. Hapo nyongeza ni 11, nayo inamezwa na mizunguko inayojifunga. Vizibo vikizidi matawi, mtandao unafungwa katikati ya mchezo na mfuko bado umejaa. Vikiwa viwili au vitatu tu, ramani inatambaa mpaka inadondoka mezani. Vigae 60 vinampa kila mmoja zamu 15 mkiwa wanne na 12 mkiwa watano; chini ya hapo mtu hapati nafasi ya kupanga jambo na kulikamilisha.

Tumia kadibodi ya milimita 2. Nyembamba zaidi inateleza mkono ukipita. Bandika karatasi iliyochapwa kwanza, gundi ikauke chini ya uzito, ndipo ukate. Ukikata kwanza na kubandika baadaye, picha zinapinda. Kosa la nusu milimita kwa kila kigae linakuwa milimita 6 kwenye safu ya vigae 12, na mabomba hayakutani tena. Migongo yote iwe sawa, na pembe zilizochakaa zibadilishwe, vinginevyo wachezaji wataanza kuchagua mfukoni kwa kupapasa. Usitegemee nyekundu na kijani peke yake kutofautisha bomba na bomba. Ongeza mistari au nukta, kwa ajili ya wasiotofautisha rangi hizo.

Kisha waite watu wacheze, wewe ukae kimya, na ufikapo mzunguko wa tatu usikilize wanavyoviita vipande. Mezani pa Azul utasikia "nipe buluu mbili". Mezani pa Galaxy Trucker utasikia injini, ngao na betri. Wakisema "ziba lile bomba, linavuja", endelea kurekebisha idadi ya vizibo. Wakisema "weka lile jeusi kule", rudi kwenye kanuni kabla hujamlipa mchoraji.