Mkazo au mfadhaiko wa oksidesheni?

SWALI: Mwalimu, mimi ni muuguzi katika kliniki ya seli mundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, hapa Kisumu. Kijikaratasi tunachowasomea wazazi kinasema "alama za damu za mfadhaiko wa oksidishaji". Mama mmoja akaniuliza kama mwanawe ana mawazo mengi. Je, maneno haya ni sahihi?

JIBU: Dada, mama huyo anakijua Kiswahili kuliko aliyeandika kijikaratasi. Anayefadhaika ni mtu, moyo ukihangaika. Kamba ikivutwa kupita nguvu zake haifadhaiki, inapata mkazo. Basi sema mkazo wa oksidesheni, yaani seli kushambuliwa na molekuli kali za oksijeni kupita kinga ya mwili.

"Alama za damu" inanikera zaidi. Alama ya damu ni doa kwenye shuka au sakafuni. A-unganifu hapo, yaani "za", inaifanya damu ndiyo iliyoacha alama, ilhali mwandishi alikusudia kitu kinachopimwa ndani ya damu ili kituonyeshe jambo jingine. Kitenzi ashiria kilishatupa jina lake, kiashiria. Andikeni "viashiria vya mkazo wa oksidesheni katika damu". Ni maneno mengi, lakini hayampotezi mtu. Dalili nayo iachieni kazi yake: maumivu ya mifupa na macho ya manjano ni dalili, mama anaziona nyumbani. Kiashiria hakijulikani mpaka damu ifike maabara.

Hata hivyo, istilahi sahihi bado haijamweleza mzazi kitu. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mwenye seli mundu mara nyingi huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Ikivunjika humwaga himoglobini na madini ya chuma, na hayo huchochea molekuli kali za oksijeni zinazoshambulia mafuta ya kuta za seli. Mafuta hayo yakiharibika hubaki malondialdehaidi, na hicho ni kiashiria kimoja ambacho maabara inaweza kukipima. Glutathioni, ambayo mwili huitumia kujikinga, hupungua. Kwa mzazi ningesema hivi: "Kipimo hiki cha damu kinaonyesha seli za mtoto zinashambuliwa kuliko mwili wake unavyoweza kuzikinga." Neno oksidesheni libaki kwenye faili.

Mkiandika matokeo, angalieni upatanisho pia: kiashiria kimepanda, viashiria vimepanda, glutathioni imeshuka. Msiandike "damu imepanda", kwa maana mzazi atasikia presha.