Mita 10 zinatoa magauni mangapi?

Dada, umeuliza mita 10 za kitambaa zitatoa magauni mangapi ikiwa kila moja linakula mita 1¾. Geuza vyote kuwa robo: mita 10 ni robo 40, mita 1¾ ni robo 7. Arobaini gawa kwa saba unapata 5, zinabaki robo 5. Basi ni magauni 5 na kipande cha mita 1¼. Hapo kwenye baki ndipo wengi wanapokosea: kikokotoo kinaonyesha 5.71, mtu anadhani amebakiwa na mita 0.71. Hiyo ni sehemu ya gauni, si ya mita! Na tafadhali usiandike 1.7 badala ya 1¾. Kwa magauni 5 utapungukiwa robo mita nzima.