Maswali ya Wasomaji: Lori na Madaraja ya Chini

SWALI: Ndugu wahariri, habari za kazi. Nimepata leseni ya lori hapa Ohio, na wiki ijayo napeleka mzigo New Rochelle, jimbo la New York. Ramani ya simu inanitoa I-287 na kuniingiza Hutchinson River Parkway. Wenzangu wanasema nitakwama darajani. Nipange vipi?
Dereva mpya, Columbus

JIBU: Ndugu yetu, wasikilize wenzako. Barabara hiyo ilijengwa kwa magari madogo, malori yamekatazwa, na madaraja yake mengi hayafikii kimo cha tela la kawaida, futi 13 na inchi 6 (mita 4.11). Ramani ya simu haijui kimo cha gari lako. Endelea na I-287 mpaka Rye, kisha shika I-95 kuelekea kusini.

Kabla ya safari yoyote, pima tela kwa futikamba likiwa tupu, kwa sababu tela tupu husimama juu kuliko lililopakiwa. Andika kimo hicho na ukibandike kwenye dashibodi. Kisha fungua atlasi ya madereva wa malori, mfano ile ya Rand McNally, yenye orodha ya madaraja ya chini jimbo kwa jimbo. Fuatisha njia yako kwa kalamu huku ukilinganisha kila namba ya barabara na orodha. Hatari kubwa ni maili mbili za mwisho, kwenye mitaa ambayo atlasi haiioneshi. Mpigie anayepokea mzigo umuulize malori huingilia wapi.

SWALI: Kibao cha daraja kikiandikwa futi 13 na inchi 8, na tela langu ni la futi 13 na inchi 6, si napita tu?
Msomaji, Dallas

JIBU: Usizitegemee inchi hizo mbili. Lami mpya au theluji iliyoshindiliwa huzimeza, na kibao hakibadiliki. Barabara ikibonyea chini ya daraja, magurudumu ya mbele na ya nyuma hubaki kwenye miinuko na paa la tela huwa juu zaidi katikati. Daraja la upinde nalo huwa chini pembeni. Huko Durham, North Carolina, daraja la reli la Gregson Street lilipandishwa mwaka 2019 kutoka futi 11 na inchi 8 hadi futi 12 na inchi 4, na bado malori yanaligonga licha ya vibao na taa.

Ukishafika mbele ya daraja usilolimudu, simama, washa taa za tahadhari na upige 911 polisi wazuie magari. Usirudi nyuma peke yako.